Kilemba cha Fundi: Nani Ameandika Kozi za Kwale?

Kabla neno kozi halijafika Pwani, kulikuwa na kilemba. Mzazi alimpeleka mtoto kwa fundi, awe fundi wa mashua, wa kushona au wa kuchonga milango, na mtoto akakaa pale miaka akifagia, akishika mbao, akitumwa tumbaku, mpaka siku moja akaachiwa kazi yenyewe mkononi. Akishaiva, fundi alipewa zawadi yake ya kumaliza kufundisha, na zawadi hiyo ndiyo iliyoitwa kilemba. Kamusi bado zinalo neno kwa maana hiyo, ingawa siku hizi ukimtajia mtu kilemba anawaza kilemba cha ukoka.

Nalipenda neno hili kwa sababu linabeba mfumo mzima. Kwa fundi wa mashua kule Vanga au Wasini, shule na kiwanda vilikuwa kitu kimoja. Silabasi ilikuwa ni kazi iliyoko siku hiyo. Mtihani ulikuwa chombo: kimeelea au kimezama. Hakuna aliyehitaji kamati ya kuoanisha masomo na soko la ajira, kwa sababu soko lilikuwa limesimama pale ufuoni likisubiri mashua yake.

Sasa tusipambe sana. Fundi angeweza kumkalisha mtoto miaka kama kibarua wa bure. Siri za kazi zilifichwa, zikabaki kwa ndugu na wajukuu. Wasichana walikuwa na njia yao wenyewe, ya kusuka ukili na kushona makuti, na hakuna aliyeita kazi hiyo ufundi. Lakini swali la msingi lilikuwa na jibu. Ukiuliza nani ameandika haya masomo, jibu ni anayeifanya kazi, mbele ya anayeinunua.

Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ilipogoma. Nasema mapema ili ujue nimekaa upande gani wa stori hii. Tangu hapo naandika kwa kulipwa kipande kwa kipande, na nusu ya rika langu hapa Ukunda wamepita vyuo vya ufundi. Kila mwaka wa bajeti tunaambiwa kwamba shule na waajiri lazima washirikiane kutunga kozi. Inasemwa kama jambo jipya. Si jipya hata kidogo. Pwani imejaribu kwa zaidi ya miaka 100, na kila jaribio limeacha alama ambayo bado tunaikanyaga.

*

Jaribio la kwanza lilikuwa la wageni. Wamisionari wa CMS walipoanzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, kazi za mikono zilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ikamleta Profesa Nelson Fraser kutoka India kushauri kuhusu elimu, na ushauri wake ukaegemea ufundi kwa Waafrika. Sababu mojawapo ilikuwa hesabu tupu: mafundi wa Kihindi waliokuja na reli walikuwa ghali, na serikali na masetla walitaka mafundi wa bei ya chini. Mwaka 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiwa na mfano wa shule za Weusi wa kusini mwa Marekani kama Tuskegee na Hampton, ikahimiza elimu ya kilimo, usafi na kazi za mikono.

Angalia meza ile walikaa nani. Serikali ilikuwepo. Mwajiri alikuwepo, maana masetla walikuwa na sauti kubwa Nairobi. Wamisionari walikuwepo. Mwenye mikono yenyewe hakuwepo. Wazazi waliona vizuri tu kinachoendelea: mtoto wa mzungu anasoma Kilatini, wa kwao anapewa randa na nyundo. Ndiyo maana wengi walidai masomo ya vitabu, na ndiyo maana mpaka leo ukimwambia mama wa Msambweni kwamba mwanawe anakwenda chuo cha ufundi badala ya chuo kikuu, kuna kimya kidogo kabla hajasema alhamdulillahi. Kimya hicho kina historia. Elimu ya ufundi ililetwa kwetu kama elimu ya kukufanya usipande.

Jaribio la pili lilikuwa la heshima zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, gavana Philip Mitchell alisukuma wazo la chuo cha ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambao walikuwa wamebaki nyuma kwa sababu shule nyingi zilikuwa za misheni. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora wakachangia, na Mombasa Institute of Muslim Education, ambayo wazee bado wanaiita MIOME, ikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Ukipita Tudor leo utaliona jengo, na kuba zake, limekaa kama msikiti ulioamua kusomea uhandisi.

Kwa vijana Waislamu wa Pwani nzima, hiki kilikuwa chuo ambacho mzazi hakuhitaji kuogopa mtoto atabadilishwa dini ili ashike spana. Hilo ni jambo kubwa, na wanaotunga kozi huwa wanalisahau: mtu hujiunga na kozi akiiamini kwanza, ndipo anapouliza ina nini ndani.

Fuatilia majina ya chuo hicho uone kitu. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, wazi kwa wote. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikawa Technical University of Mombasa. Kule Nairobi, Kenya Polytechnic ilipita njia hiyohiyo mwaka huohuo. Chuo kilichojengwa kutoa mafundi kilipanda ngazi mpaka kikaanza kutoa digrii, kisha nchi ikageuka na kuuliza mafundi wako wapi. Ilibidi mwaka 2016 chuo kingine cha Mombasa kipandishwe hadhi kuwa Kenya Coast National Polytechnic. Tunapanda ngazi, halafu tunarudi chini kutafuta aliyeishika.

*

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo linalosimuliwa kidogo zaidi.

Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Uhuru ulikuwa na miaka 3. Maelfu ya watoto walikuwa wakimaliza shule ya msingi na nafasi za sekondari hazitoshi hata kidogo. Jibu la ripoti lilikuwa vyuo anuwai vya vijijini. Wazo lilikuwa rahisi: majengo ya bei nafuu, mwalimu ni fundi wa hapohapo, na kozi inatokana na kile kijiji kinachohitaji na kiko tayari kulipia. Kama watu wanajenga, fundisheni uashi. Soko la uashi likijaa, fungeni kozi, mfungue nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikaanza kuvisaidia, na vikasambaa nchi nzima, Kwale ikiwemo.

Huu ulikuwa ushirikiano wa shule na kiwanda, ila kiwanda chenyewe kilikuwa kijiji. Na uliharibika kwa njia ya kufundisha sana. Wanafunzi na wazazi walitaka cheti. Bila cheti, kazi ya mjini huipati. Kwa hiyo vyuo vikaanza kufundisha kwa ajili ya mtihani wa serikali wa mafundi, ule wa Gredi ya 3, ya 2 na ya 1. Mtihani ulikuwa mmoja kwa nchi nzima, kwa hiyo na kozi zikawa zilezile nchi nzima: uashi, useremala, ushonaji, umakanika. Ile kozi iliyotakiwa kubadilika kila soko linapobadilika ikaganda.

Siwalaumu waliotaka cheti. Mimi mwenyewe nimekaa mbele ya watu wanaosoma karatasi kabla ya kunisoma mimi. Cheti ni pasi ya kusafiria: kinakuruhusu ubebe ujuzi wako mpaka Likoni, mpaka Nairobi, mpaka Doha. Ujuzi usiobebeka unakufunga kwa bosi mmoja. Hapa ndipo penye fundo la habari yote, na nitalirudia tukifika mgodini. Kozi ikifuata mahitaji ya hapa tu, haikubebi. Ikifuata karatasi ya nchi nzima tu, haikuajiri.

*

Wakati huohuo, Diani ilikuwa inabadilika. Hoteli zilianza kupangana ufuoni miaka ya 1960 na 1970, na nchi ikaona inahitaji watu wa kuziendesha. Mwaka 1975 kikafunguliwa Kenya Utalii College, kwa msaada wa Uswisi, na kwa miaka mingi kiligharamiwa kwa tozo ya asilimia 2 inayokatwa kwenye mapato ya hoteli na mikahawa. Kama unataka kuona shule na kiwanda vimekaa meza moja, hapa ndipo. Hoteli zinalipa, chuo kinafundisha, mwanafunzi anafanya mazoezi ndani ya hoteli ya kweli iliyo kwenye uwanja wa chuo. Wahitimu wake wamesimamia jikoni na mapokezi kote Afrika Mashariki.

Ila chuo kilijengwa Nairobi, Barabara ya Thika. Mgeni analala Diani, tozo inatoka Diani, na kijana wa Mwabungo anayetaka kufundishwa kumhudumia mgeni huyo apande basi usiku kucha. Baadaye lilikuja tawi Mombasa, na mwaka 2013 ikaanza kujengwa academia ya utalii ya Ronald Ngala kule Vipingo, Kilifi. Ilipita zaidi ya miaka 10 ujenzi ukiwa unasuasua.

Matokeo yake kila mtu wa hapa anayajua bila takwimu. Meneja anatoka mbali, mpishi mkuu anatoka mbali, mlinzi na mkata majani wanatoka Ukunda. Agosti 1997, vurugu zilipoanzia Likoni na watu wa bara wakashambuliwa na kufukuzwa, siasa za uchaguzi zilikuwa ndani, na damu isiyo na hatia ilimwagika. Lakini waliochochea walipata kuni tayari: ardhi na ajira. Wageni wakakimbia, hoteli zikafunga, na aliyeumia mwisho alikuwa yuleyule mkata majani. Mtu akikuambia kwamba utungaji wa kozi ni jambo la makaratasi tu, mkumbushe kwamba nani anafundishwa kazi ya mlangoni kwako ni swali linaloweza kuwasha moto.

Na ufuoni kulikuwa na shule nyingine isiyo na jengo. Vijana wa pwani, wale tunaowaita mabichiboi, walijifunza Kijerumani kwa kusikia, wakajifunza majira ya kupwa na kujaa, samaki na matumbawe, hesabu za kubadilisha fedha. Dada na mashangazi walishona makuti ambayo leo yameezeka hoteli za mabilioni. Mafundi wa kuezeka walijua mteremko wa paa unaomwaga maji kabla hayajaozesha, na boriti ipi ya mkoko inavumilia. Hii ni sekta ya ujenzi kamili. Katika mbao za matangazo za vyuo nilivyopita hapa Kwale, sijawahi kuiona kozi ya kuezeka makuti.

*

Sasa twende shambani na mgodini.

Ramisi ilikuwa na kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1920, kimojawapo cha vile vya kwanza nchini. Mji ulizaliwa kwa sababu yake. Mwaka 1988 kikafa. Ukipita barabara ya Lunga Lunga unakutana na jina, na wazee wanaoweza kukueleza jinsi miwa inavyokamuliwa na maji yake kuchemshwa mpaka punje zishike. Ujuzi huo ulikuwa ndani ya vichwa vya watu. Kiwanda kipya cha sukari kilipokuja Kwale kusaga miwa, zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita. Watu walikuwa wamezeeka, na ujuzi hukaa rafu moja na umri.

Halafu mchanga. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Kanada, Tiomin, ilianza kuchunguza titani Maumba na Nguluku. Ikafuata miaka ya kesi, fidia na mamia ya familia kuhamishwa. Mwaka 2010 mradi ukanunuliwa na Base Resources ya Australia, uzalishaji ukaanza mwishoni mwa 2013, na Februari 2014 meli ya kwanza ikaondoka na mzigo kutoka Likoni. Ukawa mgodi mkubwa kuliko wote nchini.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu inaonyesha ni mafunzo gani yalihitajika. Mchanga unalainishwa kwa maji yenye nguvu, unapelekwa kwenye mabomba, unazungushwa ili mzito utengane na mwepesi. Ule mzito unakaushwa na kupitishwa kwenye sumaku zinazonasa ilmenaiti, kisha kwenye mitambo ya umeme tuli inayotenganisha rutaili na zirkoni. Unahitaji welda, fundi umeme, fundi pampu, wa maabara, dereva wa mitambo mikubwa. Kampuni ikaendesha mipango ya uanagenzi na ya kuwafunza wahitimu, na ikatoa nafasi za atachimenti. Kwa upande wa digrii, Taita Taveta kulikuwa na chuo kikuu chenye uhandisi wa madini na kituo kilichoanzishwa kwa ushirikiano na Ujerumani. Binamu yangu aliingia mgodini akiwa kibarua na akatoka akiwa fundi anayeaminika kushika pampu peke yake.

Tarehe 31 Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Madini yaliyostahili gharama yalikuwa yamekwisha, kama ilivyotabiriwa tangu mwanzo. Hakuna aliyedanganywa kuhusu tarehe. Mgodi ni mgeni wa siku kadhaa, anakuja na mkoba na anaondoka nao.

Hapo ndipo lile fundo linapobana. Welda aliyepimwa na kupewa cheti kinachotambulika anaweza kwenda kwenye karakana ya meli, kwenye mabomba, Ghuba. Aliyefundishwa kusoma skrini ya mtambo mmoja wa kampuni moja ana ujuzi wa kweli kabisa, ila mlango unaoufungua umefungwa. Wote wawili walifundishwa na kiwanda. Tofauti ni nani alikuwa ameketi upande wa pili wa meza wakati mafunzo yanapangwa, kuhakikisha kwamba kile anachojifunza kijana kina jina ambalo mwajiri wa pili atalielewa.

*

Wajerumani, ambao mfumo wao Kenya inajaribu kuuiga kwa jina la mafunzo pacha, walilitatua hili kwa ukaidi. Mwanagenzi hukaa siku kadhaa kiwandani na siku kadhaa shuleni, miaka 2 hadi 3 na nusu. Lakini kiwanda chake hakimpi mtihani wa mwisho. Mtihani unasimamiwa na chemba ya biashara ya eneo zima, na katika kamati wanakaa waajiri, wafanyakazi na walimu. Kazi zaidi ya 300 zina maelezo rasmi yaliyokubaliwa na pande hizo. Kwa hiyo kampuni ikifa, cheti hakifi nayo. Kilemba kinatolewa na mafundi wote, si na bosi mmoja.

Sisi tuna vipande vya mfumo huo. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ipo tangu 1959, na mwajiri hulipa tozo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, inayosimamiwa sasa na NITA. Katiba ya 2010 ilikabidhi vyuo anuwai vya vijijini kwa kaunti, kwa hiyo chuo cha Ukunda au Kinango sasa ni kazi ya Kwale yenyewe. Sheria ya TVET ya 2013 ikaleta baraza linalotunga mitaala ya umahiri, ambapo kila kozi inatakiwa kuanzia kwenye viwango vya kazi vilivyoandikwa pamoja na watu wa sekta husika. Mwanafunzi hapewi alama 62. Anaambiwa ana umahiri au bado. Ni mtihani wa mashua, umerudi na mhuri.

Kwenye karatasi nimeridhika. Huku chini mambo ni mchanganyiko. Niliwahi kufanya atachimenti mahali ambapo sitapataja, miezi 3, na nilichofundishwa ni kiasi cha sukari anachoweka kila mtu kwenye chai. Daftari la mazoezi likasainiwa siku ya mwisho, kurasa zote kwa kalamu moja. Rafiki zangu wa vyuo vya ufundi wana hadithi hiyohiyo, ukibadilisha chai uweke ufagio. Kozi inaweza kutungwa na wataalamu wote wa nchi, lakini kama mwajiri haonekani siku ya kufundisha, imebaki insha.

Na neno sekta likitamkwa Nairobi, wanaosikia ni wenye hoteli kubwa na viwanda vikubwa. Kwale sekta ni nini? Ni fundi mashua wa Vanga. Ni mzamiaji anayeongoza wageni Kisite. Ni mafundi wa makuti na wagema. Ni wanakijiji wa Gazi, ambao tangu 2013 wanauza hewa ya kaboni ya mikoko kupitia Mikoko Pamoja, na ambao wamejifunza kupima miti na kuhesabu kaboni pamoja na watafiti. Hawa hawana chama chenye ofisi na katibu. Hawatumiwi barua ya mwaliko. Sera ya kutambua ujuzi wa awali, inayomruhusu fundi wa miaka 20 apimwe na apewe cheti bila kurudi darasani, imewafungulia mlango. Waliovuka kizingiti wapimwe, sawa. Mimi ningependa pia waitwe kupima. Fundi anayestahili cheti anastahili pia kalamu ya kuandikia kozi.

Hivi sasa kuna mjadala wa ardhi ya mgodi itumiweje. Kila mtu ana pendekezo, na mengine ni mazuri. Langu ni dogo. Kabla mitambo haijafunguliwa boliti na kupakiwa, waiteni wale mafundi waliokuwa wakiiendesha, wakae na walimu wa vyuo vya kaunti wiki chache, waandike kila kazi waliyoifanya, hatua kwa hatua, na ni wapi kwingine inafanyika. Ramisi hatukuandika. Miaka ikapita, na tukaanza kutafuta watu wanaokumbuka.

Binamu yangu bado yuko Nguluku. Anatengeneza pampu za visima kwa bodaboda na begi la spana. Ana vijana 2 wanaomfuata, hawalipi karo, wanashika tochi na kuuliza maswali. Siku wakiiva, hakuna ofisi itakayojua. Nimemwambia kuna kitu anawadai. Hakulijua neno.